UZI: Sketi ya tutu ya baleti. Ilikotoka, ilivyounguza watu, na kwa nini kila mama anaitaka kwa mwanawe

SindanoNambari11 (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam. Huu ni uzi wa nguo, kwa hiyo mnaotafuta siasa mnaweza kupita. Ila mkibaki hamtajuta, kuna moto humu, na si moto wa maneno.

Mimi ni fundi wa magauni, hasa shela na nguo za watoto. Kila msimu wa mahafali ya chekechea naonyeshwa picha ileile kwenye simu: mtoto kasimama kwa ncha za vidole, sketi imetanda kiunoni kama sinia. "Fundi, nataka hii." Miaka mingi nilikuwa nawashonea ile ya vipande vya neti vilivyofungwa kwenye lastiki, wanafurahi, wanalipa, wanaondoka. Siku moja mama mmoja akagoma. Akasema anataka ile inayosimama yenyewe.

Nikajitia ujuaji. Nikanunua neti ngumu, nikakata maduara manane, nikayapanga, nikayashona kiunoni. Mtoto alipovaa, sketi ilining'inia pande zote kama mwavuli uliovunjika mbavu. Nilirudisha hela yote, na ile neti ikakaa mezani wiki nzima inanicheka.

Kilichonifungua macho ni ukarabati. Mteja aliyewahi kuishi Nairobi aliniletea tutu ya kweli ya binti yake aliyekuwa akisoma baleti, imechanika ubavuni. Nikaipindua. Wakuu, kazi yote ya ile nguo iko upande wa chini, kule mtazamaji asikofika. Kuna chupi. Neti zimeshonwa kwenye chupi yenyewe, safu juu ya safu, kila safu imebanwa marinda mpaka haina pumzi. Safu ya chini kabisa, ile ya kwenye paja, ina upana wa vidole viwili tu. Inayofuata imezidi kidogo, inayofuata imezidi tena, mpaka ile ya juu. Nilihesabu kumi. Katikati pamepitishwa duara la waya mwembamba unaopinda na kurudi. Halafu tabaka zote zimeshikanishwa kwa bandi ndefu za mkono, uzi umeachwa unalegea. Ukiukaza, sketi inakunjamana. Ukiacha kupiga bandi, kila tabaka linakwenda njia yake.

Kwa hiyo sketi haisimami kwa ugumu wa neti. Zile fupi za chini ndizo zinazosukuma ndefu juu. Mimi nilikata zote sawa, ndiyo maana nikaumbuka.

Kuanzia hapo nikawa nasoma. Nitamwaga kidogo kidogo, nina kazi za watu mezani.

---

KijanaWaNgamiani

Nimesoma kichwa haraka nikadhani ni Askofu Desmond Tutu. Nimeshaingia, nimekaa, leta vitu.

---

Mama_Zai

Hapo kwenye mwavuli nimecheka mpaka mtoto kaamka. Fundi endelea, binti yangu ana sketi hizo tatu na hajui hata baleti ni kitu gani. Anaziita za malaika.

---

SindanoNambari11

Tuanze Paris, miaka ya 1720. Wanawake wa jukwaani wakati huo walicheza na magauni mazito ya kifalme yanayofagia sakafu, na viatu vya visigino. Mwanamume ndiye aliyeruka na kupigiwa makofi, maana miguu yake ilionekana. Mwanamke alitembea kwa madaha tu.

Mwaka 1726 akaingia Opera ya Paris binti kutoka Brussels, Marie Camargo. Huyu alikuwa na miguu ya kiume, maana yake anaruka na miguu inapishana hewani mara kadhaa kabla hajatua. Tatizo nani ataona, na gauni limefunika mpaka kwenye viatu? Inasimuliwa kwamba alichofanya ni kupandisha pindo. Si sana, vidole vichache tu juu ya kifundo cha mguu. Mji ukachafuka, wengine wakisema ni aibu, wengine wakikimbilia tiketi.

Shikeni hilo pindo, maana historia yote iliyobaki inatoka hapo. Kila miguu ilipojifunza jambo jipya, mkasi ulifuata nyuma.

---

Mlinzi wa Zamu

Mkuu unapamba tu. Mimi naona ni utamaduni wa kukaa uchi umepewa jina zuri. Leo ni vidole vichache, kesho ni kiunoni, na kweli imefika kiunoni.

---

SindanoNambari11

Mzee Mlinzi, hoja yako ina umri wa miaka mia tatu, hauko peke yako. Na sikatai kabisa, nitafika kwenye uchafu wake. Ila kwanza nipitie mwaka 1832.

Tarehe 12 Machi mwaka huo, Opera ya Paris, Marie Taglioni anatoka na onyesho la *La Sylphide*. Baba yake Filippo ndiye aliyelitunga, na ndiye aliyemfundisha kwa mkono mgumu mpaka akaweza kucheza kwa ncha za vidole kama hana uzito. Anacheza pepo wa msituni anayependwa na kijana wa Uskochi. Sasa pepo utamvika nini? Wakampa bodi (sehemu ya juu ya gauni, ya kifuani) inayobana, mabega wazi, na sketi nyeupe ya malimali, tabaka juu ya tabaka, yenye umbo la kengele, inayoishia kati ya goti na kifundo. Kwa kawaida sifa ya vazi hilo hupewa mchoraji Eugène Lamy. Hiyo ndiyo tutu ya kwanza, japo jina bado. Siku hizi huitwa tutu ya kimapenzi, kwa sababu ya zama zile za sanaa ya Ulaya zilizoitwa Romantiki, si mapenzi ya honimuni.

Lakini sikilizeni kitu ambacho mimi kama fundi ndicho kilichonigusa. Opera ile ilikuwa imeanza kutumia taa za gesi mwaka 1822. Kabla yake kulikuwa na mishumaa na taa za mafuta. Gesi unaweza kuipunguza na kuipandisha, unaweza kutengeneza mbalamwezi. Weka kitambaa cheupe chepesi mbele ya mwanga ule wa kijanibuluu: kinang'aa chenyewe, mwili unapotea, unaona ukungu wenye miguu. Kuna mapepo mengi yaliyochezwa Ulaya miaka ile, *Giselle* ya 1841 ikiwemo, na yote yalivaa nyeupe kwa sababu hiyohiyo. Nyeupe ilipendwa kwa sababu taa ziliipenda.

Watu walichanganyikiwa. Kuna kisa kinachosimuliwa kwamba Taglioni alipomaliza Urusi mwaka 1842, mashabiki walinunua viatu vyake, wakavipika, wakavila na mchuzi. Sijui kama ni kweli, ila kwa nilivyowaona mashabiki wa Simba na Yanga siwezi kukataa.

---

KijanaWaNgamiani

Wamekula VIATU. Sisi tunaishia kuchoma jezi.

---

Mama_Zai

Fundi, swali la mjinga. "Tutu" maana yake nini?

---

SindanoNambari11

Mama Zai, hilo si la mjinga, lina kijasho. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba limetoka kwenye Kifaransa cha watoto. Neno lao la matako, *cul*, wakimsemesha mtoto mchanga wanalifanya "kukyu", halafu kwa ulimi wa mtoto likawa "tutyu". Watazamaji wa siti za chini walikuwa wakiinua macho wanaona kilichoko chini ya neti, wakawa wanapaita hivyo, baadaye jina likahamia kwenye sketi nzima. Neno lenyewe lilishika mwishoni mwa karne ya 19, miaka hamsini baada ya Taglioni.

Kwa hiyo ukimwambia binti "vaa tutu yako", kihistoria unamwambia avae kitako chake. Usimwambie bado.

---

Mlinzi wa Zamu

Nilisema.

---

SindanoNambari11

Ulisema mzee, na nakuongezea. Nyuma ya jukwaa la Opera ya Paris palikuwa na ukumbi ambao wanaume wenye tiketi za msimu, matajiri, waliruhusiwa kuingia na kuchagua mabinti wa kuzungumza nao. Mabinti wenyewe wengi walikuwa watoto wa wafua nguo na vibarua, waliitwa "panya wadogo". Mchoraji Edgar Degas amewachora mamia kwa mamia. Ukiangalia picha zake vizuri, pembeni ya zile sketi nzuri utaona mara nyingi mwanamume mwenye kofia ndefu nyeusi, nusu amefichwa na pazia. Huyo ndiye mwenye tiketi.

Mwaka 1881 Degas alionyesha sanamu ya nta ya binti wa miaka kumi na minne, na badala ya kumchongea nguo akamvika sketi ya kitambaa cha kweli na utepe wa kweli kichwani. Wakosoaji walimfananisha binti yule na nyani. Aliyesimama kama kielelezo aliitwa Marie van Goethem, mama yake alikuwa mfua nguo. Baada ya Degas kufa zikatolewa nakala za shaba, zimetapakaa kwenye makumbusho ya dunia, na kila nakala inabidi ishonewe sketi yake, ikichakaa inashonewa nyingine. Kuna fundi mahali fulani ambaye kazi yake ni kumvisha mtoto wa shaba. Hiyo kazi naitamani.

Sasa moto.

---

KijanaWaNgamiani

Nilikuwa nasubiri.

---

SindanoNambari11

Chukua malimali nyepesi, tabaka nyingi, hewa katikati ya kila tabaka. Zungusha. Weka taa za gesi zenye moto wa wazi pembeni mwa jukwaa na mbele ya miguu. Mtu yeyote aliyewahi kuwasha jiko kwa karatasi anajua kitakachotokea.

London 1844, mchezaji Clara Webster, sketi ikashika moto akiwa jukwaani ukumbi wa Drury Lane, akafa. Philadelphia, Marekani, Septemba 1861, kwenye chumba cha kubadilishia nguo cha Continental Theatre, mmoja wa kina dada Gale aliwaka, wenzake wakakimbia kumsaidia nao wakawaka. Walikufa wachezaji wasiopungua sita.

Aliyeniuma zaidi ni Emma Livry. Huyu Taglioni mwenyewe alimchukua kama mrithi, akamtungia onyesho mwaka 1860, *Le Papillon*, kipepeo. Ndani ya hadithi hiyo kipepeo anavutwa na mwenge na kuunguza mbawa. Wakati huo serikali ya Ufaransa ilishaamuru tangu 1859 kwamba nguo za jukwaani zilowekwe kwenye dawa ya kuzuia moto. Dawa ilikuwepo. Shida yake ilifanya kitambaa kiwe kigumu na kififie, weupe wote unakufa. Emma akaandika barua kwa uongozi akisema atacheza na sketi zake za kawaida, na lawama ziwe juu yake.

Tarehe 15 Novemba 1862, mazoezi ya mwisho. Amekaa kusubiri zamu yake, anasimama, anazikung'uta sketi ili zisijikunje. Upepo wa sketi ukavuta moto wa taa. Alikimbia jukwaani akiwaka. Aliishi na majeraha miezi minane, akafa Julai 1863 akiwa na miaka ishirini. Mabaki ya nguo aliyovaa siku ile, vitambaa vichache vilivyoungua, bado yamehifadhiwa kwenye makumbusho ya Opera ya Paris.

Mimi ninapopiga marinda huwa nakumbuka ile ishara ya kukung'uta. Kila aliyevaa neti anaifanya. Maharusi wangu wote wanaifanya mbele ya kioo.

---

Mama_Zai

Jamani. Keki ya bethidei ya Zai ina mishumaa mitano na yeye amevaa hizo sketi akiinama kupuliza. Sijawahi kuwaza.

---

SindanoNambari11

Mama Zai, neti za sasa ni za nailoni na polyester, nazo zinayeyuka na kugandia kwenye ngozi. Mishumaa mbali, au avue kwanza. Sikutishi.

---

Wanjiru_wa_Umoja

Nimefika nikiwa nimechelewa lakini huu uzi ni mtamu sana. Kwetu Nairobi baleti haijawa kitu cha ajabu tena. Kuna Dance Centre Kenya, wanaweka *The Nutcracker* pale Kenya National Theatre karibu kila Disemba, na watoto wa Karen wanacheza pamoja na watoto wa mitaa ya chini. Mchezaji Joel Kioko alitoka Kuwinda, mtaa wa mabanda, akaenda mpaka English National Ballet School, London. Na Kibera kuna madarasa, picha zake zilizunguka dunia nzima: madawati yanatolewa nje, watoto wanachezea kwa sakafu tupu bila hata viatu vya baleti.

Lakini kuna kitu hizo picha huwa zinanikera. Mpiga picha akija, lazima mtoto avae sketi nyeupe na nyuma kuonekane mabati. Siku zingine zote wanafanya mazoezi na suruali za kubana na fulana. Mwalimu mwenyewe anataka aone goti, hataki neti mbele yake. Tutu ni ya siku ya onyesho.

---

SindanoNambari11

Dada Wanjiru umegonga msumari. Tutu si nguo ya kujifunzia hata huko Ulaya. Ya mazoezi, wanapohitaji kuzoea upana wake, ni sketi tupu bila bodi, kuukuu, imechoka.

Nilikatiza kwenye mkasi. Baada ya Paris, nguvu ya baleti ilihamia St. Petersburg, na wachezaji hodari wakawa wanatoka Italia. Virginia Zucchi alifika 1885 na sketi fupi kuliko walivyozoea, Warusi wakanung'unika, kisha wakaiga. Mwenzake Pierina Legnani akaleta mizunguko 32 mfululizo kwa mguu mmoja, mwingine unachapa hewa kama mjeledi. Aliifanya tena kwenye *Swan Lake* ya 1895. Ukivaa kengele ya Taglioni, mguu huo unajinasa kwenye neti. Kwa hiyo sketi ikapanda juu ya goti, ikakatwa tena, mwisho ikatanda kabisa kutoka kwenye nyonga, ikawa ile sinia mnayoniletea kwenye simu. Miguu yote wazi, kiuno kinaonekana chembamba, na mchezaji akizunguka sketi inatulia kama uso wa maji. Mwenzake wa kiume akimbeba, inamlazimu ajifunze kumshika bila kuona mikono yake mwenyewe.

Na neti yenyewe? Hapo nawashukuru Waingereza. John Heathcoat alitengeneza mashine ya kufuma neti ya vijitundu na kuisajili mwaka 1808. Kabla yake neti ilifumwa kwa mikono, bei ya wafalme. Mwaka 1816 kiwanda chake cha Loughborough kilivamiwa usiku, mashine zaidi ya hamsini zikavunjwa na watu wa lile vuguvugu la kupinga mashine. Alihamia Tiverton, kusini, na wafanyakazi wengi wakamfuata. Bila mashine ile tusingekuwa na shela za bei tunayolipa leo.

Mtu mmoja zaidi, huyu ni wa kwetu mafundi. Barbara Karinska, mzaliwa wa Kharkiv, alikimbia Urusi ya Kisovyeti, akaishia New York akimshonea mtunzi wa baleti George Balanchine. Balanchine alipenda jukwaa lijae wachezaji. Sasa wachezaji kadhaa wenye sinia za waya wakisogeleana, sketi moja ikigonga nyingine zote zinachezacheza kama mashua bandarini. Mwaka 1950, kwa onyesho la *Symphony in C*, Karinska akatoa waya, akapunguza tabaka mpaka sita saba, akaziacha fupi na laini zijishikilie zenyewe. Zinaitwa za pamba ya kupakia poda. Alishapata hata Oscar kwa mavazi ya filamu ya *Joan of Arc* ya 1948. Mimi hiyo ya Karinska ndiyo ninayoishona sasa kwa watoto, maana mtoto hakai mbali na mwenzake hata dakika.

---

Juma Dukani

Sawa historia tumeipata. Mimi nauza nguo za watoto, naomba mnijibu: kwa nini INAUZIKA? Hakuna mzazi wangu hata mmoja aliyewahi kwenda kuangalia baleti.

---

Wanjiru_wa_Umoja

Juma, ni lile sanduku la vito lenye kidoli kinachozunguka na muziki. Nyumba nyingi zililiona hilo kabla ya kuona baleti yenyewe. Pia televisheni. Ile sketi ya mwanzoni mwa *Sex and the City* inasemekana ilitolewa kwenye ndoo ya dola tano, na Januari 2024 ikapigwa mnada kwa dola 52,000. Serena Williams alicheza US Open 2018 na tutu nyeusi iliyobuniwa na Virgil Abloh, muda mfupi baada ya wale wa French Open kumkatalia suti yake ya kubana. Nilipenda sana lile jibu. Misuli ile, na neti juu.

---

Mlinzi wa Zamu

Na wanaume je? Nimesikia kuna wanaume wanavaa.

---

Wanjiru_wa_Umoja

Wapo mzee, Les Ballets Trockadero de Monte Carlo, New York, tangu 1974. Wanaume watupu, vifua vina nywele, wanacheza *Swan Lake* kwa kuchekesha lakini kwa ncha za vidole kweli.

---

SindanoNambari11

Juma, jibu langu ni la kifundi. Mtoto mwenye tutu anachukua nafasi. Gauni la kawaida linamfuata mtoto, tutu inawasukuma wengine wampishe. Mwangalie mtoto wa miaka minne siku ya kwanza kuivaa: hatembei, anazunguka. Hakufundishwa na mtu. Anataka kuona ile kitu inainuka.

Nyongeza moja kwa wauzaji. Rangi ya waridi ya taiti ilichaguliwa kufanana na ngozi ya Wazungu, ili mguu uonekane mstari mmoja mpaka kidoleni. Arthur Mitchell, aliyeanzisha Dance Theatre of Harlem mwaka 1969, aliliona hilo na kampuni yake ikaanza kuvaa taiti na viatu vya rangi ya ngozi ya kila mchezaji. Juma, agiza taiti za kahawia. Mtoto wetu akivaa ya waridi anakatika vipande viwili kiunoni.

---

Juma Dukani

Hiyo nimeichukua. Kahawia ipo Kariakoo?

---

SindanoNambari11

Ya watu wazima ipo. Ya watoto tutaagiza pamoja, nitumie ujumbe.

---

Mama_Zai

Fundi la mwisho, naiwekaje? Yake imelala kama chapati kwenye kabati.

---

SindanoNambari11

Itundike juu chini, miguu ya chupi juu, neti zianguke kuelekea bodi. Au ilaze bapa kwenye mfuko mpana, usiikunje. Usiifue. Bodi ikinuka jasho, wale wa kumbi kubwa huipulizia vodka iliyochanganywa na maji, ikikauka harufu inaondoka nayo.

---

Mlinzi wa Zamu

Konyagi inafaa?

---

KijanaWaNgamiani

Mzee Mlinzi, tangu asubuhi unapinga, kumbe ulikuwa unasubiri hapa.